Paa Moja Juu ya Kuta Nyingi

Tunaponena juu ya mataifa kuungana chini ya mamlaka moja iliyo juu yao, wako wanaodhani kwamba twataka taifa lifutwe kama maandishi ubaoni. Sivyo. Muungano wa namna hiyo ni paa, nalo paa halibomoi kuta bali huzikinga na mvua. Historia ya Afrika ya Mashariki yatufundisha faida yake, na yatufundisha pia hasara ya kuliezeka vibaya.

Tarehe 5 Juni 1963 Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Milton Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho. Shirikisho halikupatikana, lakini tarehe 6 Juni 1967 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi huko Kampala Mkataba wa Jumuiya, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Arusha ikawa makao makuu. Reli na ndege ziliongozwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Hivyo nchi tatu changa, ambazo kila moja peke yake ilikuwa na uwezo mdogo, zilimiliki kwa pamoja vyombo vya kuheshimika, na kila moja ikapata sehemu yake ya kazi na ya fahari.

Basi kwa nini Jumuiya hiyo ilikufa mwaka 1977? Ugomvi wa kugawana faida ulikuwapo, kwani viwanda vingi vilikuwa Kenya. Lakini kasoro kubwa ilikuwa katika nguzo. Mamlaka ya juu yalikuwa mikononi mwa marais watatu, na baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Obote mwezi Januari 1971, marais hao hawakuketi tena pamoja. Umoja uliotegemea urafiki wa wakuu ulitoweka pamoja na urafiki huo.

Gharama yake walilipa wananchi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Wadigo na Wamasai, ambao mpaka ulichorwa katikati yao pasipo wao kuulizwa, walijikuta ndugu kwa ndugu wakitenganishwa na amri. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi tarehe 14 Mei 1984. Jumuiya iliishi miaka kumi. Kugawana urithi wake kulichukua saba.

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na leo nchi wanachama ni nane. Jumuiya hii ina Bunge na Mahakama yake, na raia wa kawaida aweza kuishtaki serikali mbele ya Mahakama hiyo. Hiyo ndiyo nguzo iliyokosekana. Hata hivyo maamuzi makubwa yangali yanangoja kauli moja ya wakuu wote, na hapo ndipo penye hatari ya zamani.

Mkataba huo umekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya kukuzwa katika Jumuiya. Ni haki yake. Wakati mipaka ilipofungwa, lugha hii haikugawanywa pamoja na mabehewa na ndege. Iliendelea kuwa mali ya wote. Yatupasa kuyapa mamlaka ya pamoja uimara kama huo, ili wakuu wakigombana, wananchi wasinyeshewe.