Mgeni wa Kodi

Mwaka jana nilitafsiri kijitabu cha afya kwa mteja wa Dar es Salaam. Tulielewana shilingi elfu 60 za Kenya. Ikaingia 51. Nikadhani benki imekula, manake benki hula, lakini mteja akaniandikia kwa upole: "Dada yangu, hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 15, kwa kuwa wewe si mkaazi wa Tanzania." Cheti cha kuonyesha kodi imekatwa nilikiomba mara tatu.

Halafu Juni ikafika. Kwenye iTax, pesa yangu ilikuwa elfu 60, sio 51. Kazi niliifanyia Nairobi, mezani kwangu, kwa hivyo ni mapato ya Kenya. Kodi uliyokatwa nchi nyingine sheria yetu huihesabu pale ambapo kuna mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili. Nikatafuta mkataba wa Kenya na Tanzania. Hakuna.

Kilichoniuma ni kugundua kwamba zamani tulikuwa na kitu kikubwa kuliko mkataba: idara moja.

Kodi ya mapato ilichelewa kufika Kenya. Mwafrika alikuwa analipa kodi ya nyumba, ile ya kibanda, tangu 1901. Masetla walipoletewa kodi ya mapato mapema miaka ya 1920 walipiga kelele, na mwaka 1922 ikaondolewa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe walipigwa risasi. Kati ya malalamiko ya Thuku ilikuwemo kodi. Yake haikuondolewa. Wacha niendelee kabla sijakasirika.

Kodi ya mapato ilirudi 1937, na wakati wa vita vya pili vya dunia ikasambaa kwa majirani. Kufikia 1952 kulikuwa na sheria moja ya kuisimamia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na idara moja ya kuikusanya. Wakoloni hawakuifanya kwa kutupenda. Kampuni zao zilifanya biashara kote, na hakuna aliyetaka kujaza makaratasi mara nne. Lakini uhuru ulipokuja idara ilibaki, na mwaka 1967 ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila serikali ilijipangia viwango vyake, ila kanuni zilikuwa za wote. Mtu wa Nairobi aliyelipwa kutoka Dar hakuwa mgeni wa kodi.

Ikavunjwa mapema miaka ya 1970. Kila nchi ikaandika sheria yake. Ya Kenya, Sura ya 470, ilianza kutumika Januari 1, 1974. Jumuiya yenyewe ikafa 1977, na Tanzania ikafunga mpaka. Wazee wetu bado huongelea ndege za East African Airways kwa majonzi, na reli, na posta. Sijawahi kumsikia yeyote akililia idara ya kodi. Nafikiri mimi ndiye wa kwanza.

Sasa sikia hii. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wao wa kodi 1973, na ukaanza kufanya kazi 1977, mwaka uleule Jumuiya ilikufa. Yaani wakati Namanga inafungwa, njia ya London inafunguliwa. Baadaye zikaja Ujerumani, Kanada, India. Mkenya anayetafsiria shirika la London ana karatasi inayosema nani atoze nini. Anayetafsiria shirika la Dar ana subira.

Jumuiya ilifufuliwa, ndio. Mkataba wa 1999, Ibara ya 137, unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wote wa Jumuiya. Novemba 2010 nchi tano zilitia saini makubaliano ya kuzuia kodi mara mbili, lakini yalihitaji kila mmoja ayaridhie, na miaka ikapita yakiwa kwenye karatasi tu. Kwa hivyo lugha inavuka mpaka na anayeibeba anakatwa huku na kule. Mwenye kampuni kubwa ana mhasibu wa kumtafutia njia. Sisi wa kazi za mkono kwa mkono tunakata bei, ama tunanyamaza kuhusu ile 51. Najua wenzangu wanaolipwa kwa simu ya binamu aliye Arusha ili karatasi zisiwepo kabisa. Siwalaumu, lakini cheti hawana, na siku wakiulizwa pesa ilitoka wapi watababaika.

Wiki iliyopita mhariri mmoja wa Arusha aliniandikia, ana kitabu cha watoto. Kabla ya kuuliza kina kurasa ngapi nikamuuliza bei yake ni kabla ya kodi ya zuio ama baada.

Akajibu: "Kwani wewe ni mgeni?"