Kibao cha Babu

Nilipoanza kukusanya nyaraka za tasnifu yangu kuhusu redio enzi za Ujamaa, nilikutana na serikali kila mahali: kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyowakusanya wanavijiji kuzunguka redio, marufuku ya 1974 ya kuingiza kompyuta nchini. Mafundi redio hawakuwamo.

Fundi wa kwanza nilimkuta nyumbani Kilosa, ndani ya kopo la maziwa: kibao cha saketi kilichochongwa na marehemu babu. Vifaa vyake vingine vilisombwa na mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyong'oa hata reli.

Tangu Paul Eisler atengeneze saketi za kuchapishwa jijini London katika miaka ya 1930, njia iliyozoeleka ni kufunika mistari inayotakiwa, kisha kuyeyusha shaba iliyobaki kwa dawa. Babu hakuwa na dawa. Alichora kwa penseli, akakwangua pande zote za kila mstari kwa kipande cha msumeno wa chuma alichokinoa juu ya jiwe. Shaba isiyotakiwa aliipasha moto kwa chuma cha kulehemu kilichochomwa kwenye mkaa, gundi ikalegea, akaibandua taratibu kwa ncha ya kisu. Sehemu mbili mkono wake uliteleza. Akaziba kwa waya na risasi.

Kilikuwa cha nini? Bibi alinieleza: "Baada ya vita vya Amin, redio zilikuwepo mjukuu wangu, betri ndizo hazikuwepo." Redio ya betri nne kubwa hutumia volti 6. Betri ya gari ina 12. Babu alikuwa akienda Mikumi, kwenye barabara kuu ya Zambia, kununua betri zilizochoka kutoka kwa madereva wa malori: hazikuweza tena kuwasha injini, ila redio ziliimudu. Kazi ya kibao ilikuwa kushusha volti.

Nilisafisha kutu, nikaazima betri ya bodaboda, nikapima. Volti 6.1.

Msimamizi wangu aliniuliza chanzo cha sura ya tatu ni nini, maana hakuona namba ya jalada. Nilikitoa kibao mfukoni, nikakiweka mezani. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye ile mikwaruzo miwili, akasema, "Basi anzia hapa."