Mtoto wa Miaka Saba

Wapwa zangu hawakuja Fort Jesus kutafuta historia. Walikuja kupanda mizinga. Kabla sijafungua mdomo, wawili walikuwa wameshaukalia mmoja kama wanaoendesha punda, na mdogo wao, wa miaka saba, anawasukuma washuke naye apate zamu.

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na dada yangu alinikabidhi watoto wake kwa maneno machache: "Wewe si ndiye unayesoma mambo ya Wareno? Haya, wafundishe." Nikaanza kama vitabu vinavyoanza. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ili Wareno wailinde bandari ya Mombasa. Ukiitazama kutoka juu, nikawaambia, ina umbo la mtu aliyelala chali. Hilo liliwashika kwa dakika moja. Kisha wakaiona mifupa ya nyangumi, na darasa likanitoroka.

Yule mdogo ndiye aliyenirudisha kazini. "Mjomba, Wareno walipokuwa hapa, sisi tulikuwa wapi?"

Nilifurahi mno, kwa sababu jibu nilikuwa nalo: Yusuf bin Hasan. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta nikawasimulia. Baba yake alikuwa sultani, akakosana na Wareno, akakimbilia Rabai, na huko akauawa mwaka 1614. (Kwamba kichwa chake kilipelekwa Goa, nililiruka.) Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, akapelekwa Goa ng'ambo ya bahari, akalelewa na watawa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo. Mwaka 1626 wakamrudisha kuwa mfalme, wakidhani wamejitengenezea mtu wao. Agosti 1631 aliingia ndani ya ngome hii na watu wake, akamuua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, kisha akairudia dini ya baba yake.

Walishangilia. Mdogo alinyanyua ngumi juu. Ningeweza kuishia hapo, na nakiri kwamba nilitaka sana kuishia hapo.

Lakini mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na moja, aliuliza, "Halafu?"

Nimeusoma ushahidi wa kiapo uliochukuliwa baadaye kuhusu siku zile. Ulikusanywa na Kanisa lililokuwa likiwatafutia waliouawa heshima ya wafia dini, kwa hiyo mwanahistoria huusoma kwa tahadhari. Hata hivyo tahadhari haifufui mtu. Baada ya kapteni walifuata Wareno wa mjini, kisha wake zao, kisha Waafrika waliobatizwa ambao hawakukubali kusilimu. Hawa wa mwisho walikuwa watu wa pwani hii hii, wengine majirani wa wale waliowaua. Kwenye tasnifu ningeandika "mauaji yaliyofuata uasi" na kuendelea na aya nyingine. Mbele ya macho sita yaliyonikazia, sentensi hiyo ilikataa kutoka. Basi nikasema ilivyokuwa: aliua na wasiokuwa na silaha.

"Na watoto?" akauliza msichana.

"Na watoto."

Ngumi ya mdogo ilikuwa imeshashuka zamani.

Nikaharakisha yaliyobaki. Wareno walileta merikebu mwaka 1632 wakashindwa kuitwaa ngome. Miezi michache baadaye Yusuf mwenyewe aliibomoa kadiri alivyoweza, akaondoka kwa merikebu aliyoiteka, na mwaka 1638 akafa kwenye Bahari ya Shamu. Juu ya lango kuu pana maandishi ya mwaka 1635 ya kapteni aliyeijenga upya, kijana wa miaka 27. Anajisifu humo kwamba alibomoa kuta za Pate na Siyu, na mfalme wa Mombasa anamwita dhalimu. Bado yapo, na kila mgeni hupita chini yake.

Lile swali la "sisi" lilikuwa bado linaning'inia, nami sikutaka waondoke na nusu ya jibu. Nikawaeleza kwamba Waarabu wa Oman walipoizingira ngome hii kuanzia 1696 hadi 1698, maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani, na kwa muda walioishikilia walikuwa Waswahili wa Faza pamoja na wanawake Waafrika. Sisi tulikuwa nje tukizingira, na ndani tukizingirwa.

"Kwa hiyo tulipigana na nani?" akauliza wa katikati. Nikawanunulia maji ya madafu.

Jioni dada yangu aliwauliza wamejifunza nini. Wa katikati akasema nyangumi. Mkubwa alinitazama, akanyamaza. Mdogo alikuja kukaa karibu yangu, akataka kujua Goa ni mbali kiasi gani.

"Kwa ndege au kwa meli?" nikamuuliza.

"Kwa meli," akasema.