Usafi wa nyumbani kwa majivu, ndimu na jua: Kipi kinasafisha, kipi hakitoshi?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, na mto Sebeya ukaacha njia yake ukaingia katika nyumba za watu wilayani Rubavu. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha nchini kutokana na mafuriko na maporomoko ya ardhi. Maji yalipopungua, wenye nyumba zilizobaki zimesimama walikabiliwa na tope: sakafuni, kwenye magodoro, ndani ya sufuria. Tope la mafuriko ya namna hiyo hupitia vyooni kabla ya kufika jikoni.

Katika hali kama hiyo, tofauti kati ya kitu kinachong'arisha na kitu kinachoua vijidudu vya maradhi huwa ni suala la uhai. Siku za kawaida tofauti hiyo haionekani sana. Sufuria iliyosuguliwa kwa majivu hung'aa, sakafu iliyopigwa ndimu hunukia vizuri, na shuka iliyokaa juani huwa nyeupe. Si ajabu basi kwamba wengi wamerudi kwenye vitu hivi vya jikoni, wengine kwa sababu ya bei ya sabuni za dukani, wengine kwa sababu ngozi zao hazipatani na sabuni ya unga, na wengine kwa kuamini tu kwamba kilicho cha asili hakina madhara. Sababu mbili za kwanza zina uzito. Ya tatu inahitaji kuchunguzwa.

Majivu na maji yake

Kinyarwanda husema ivu, na Kiswahili, ukiondoa wingi wake, husema ivu vilevile. Ni mojawapo ya maneno machache ambayo mfasiri huyavusha bila kuyabadilisha. Neno isabune, kwa upande wake, ni sabuni yetu hii tuliyoipokea kutoka kwa Waarabu na kuipeleka bara.

Kinachosafisha ndani ya majivu ya kuni ni chumvi iitwayo potasi kaboneti. Chumvi hiyo huyeyuka majini na kuyafanya maji yawe na alkali, na alkali ndiyo inayolegeza mafuta yaliyoganda. Majivu ya maganda na mashina makavu ya migomba yana potasi nyingi zaidi kuliko majivu ya kuni nyingi, jambo lenye faida katika nchi ambayo mgomba haukosekani uani. Majivu ya mkaa kutoka kwenye mbabura nayo yanafaa. Yasiyofaa ni majivu ya mbao zilizopakwa rangi au dawa, na ya moto uliowashwa kwa plastiki, kwa kuwa yaweza kuwa na sumu ambazo maji hayaziondoi.

Kwa kufulia, chekecha majivu yaliyopoa ili kutoa vipande vya mkaa. Changanya kikombe 1 cha majivu na vikombe 4 au 5 vya maji ya moto katika ndoo ya plastiki au chungu, funika, uache hadi kesho yake. Majivu yatatua chini. Chota maji ya juu taratibu, uyapitishe kwenye kitambaa kizito mara mbili, kwa sababu majivu yakibaki hutia nguo madoa ya kijivu. Maji hayo, yenye rangi ya chai hafifu, huongezwa kwenye maji ya kufulia. Yakikupa utelezi mkali baina ya vidole, ujue yamezidi nguvu: utelezi ule ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayoanza kugeuka sabuni. Ongeza maji.

Kanga, shuka na nepi za pamba huvumilia maji haya. Sweta za sufu na vitambaa vya hariri haviyavumilii, kwani alkali hula nyuzi zitokanazo na wanyama. Kitenge kipya kijaribiwe kwanza kwenye pindo. Tena, sufuria za alumini zisilowekwe ndani yake. Kusugua kwa majivu na kusuuza mara moja hakuna neno, lakini ukiziacha usiku kucha utazikuta zimekuwa nyeusi na zimeanza kuliwa.

Wakazi wa Gisenyi wanaishi chini ya volkano, kwa hiyo inafaa kusema wazi kwamba jivu la mlima si jivu la jikoni, ingawa lugha imeyapa jina moja. Nyiragongo, uliolipuka mara ya mwisho tarehe 22 Mei 2021 na kufuatiwa na matetemeko yaliyopasua nyumba pande zote mbili za mpaka, ukitoa vumbi hutoa chembe za mawe na kioo. Hazina ile potasi ya kuni. Hukwaruza vyombo, na zikivutwa au kuingia machoni huumiza. Zifagiliwe zikiwa zimenyunyiziwa maji, wala zisihifadhiwe kwa kusugulia.

Kwa nini sabuni haitoi povu ziwani

Anayefua kwa maji ya Ziwa Kivu hutumia sabuni nyingi bila kupata povu la kutosha. Sababu ni kwamba maji ya ziwa hili yana magnesi nyingi, na magnesi hushikana na sabuni ya kipande na kuigeuza utando mzito unaonata kwenye nguo na kwenye ukingo wa beseni. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi hayana tatizo hilo, na Rubavu haina uhaba wa mvua. Anayetaka kupunguza gharama ya sabuni angeanza na pipa la mvua kabla ya kutafuta mapishi yoyote. Binafsi naona ushauri huu husahaulika kwa sababu hauna siri ndani yake.

Maji ya kusuuzia yamwagwe nchi kavu, mbali na ufuo. Hilo lahusu sabuni za dukani na lahusu pia mimea inayotoa povu, na hapa kuna kisa cha kuzingatiwa. Mwaka 1964, mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, akiwa karibu na mji wa Adwa, aliona konokono wengi wamekufa mtoni, chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifulia nguo kwa matunda ya mti uitwao endod. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba povu lile lile lililosafisha nguo ndilo lililoua konokono, na mti huo ukawa tumaini la kupambana na kichocho, ugonjwa unaoenezwa na konokono wa majini. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood. Mmea huo huota pia Rwanda, ambako huitwa umwokora. Husafisha kweli, lakini ni sumu ukiliwa, na sumu hiyo haichagui konokono pekee. Samaki nao hufa. Wavuvi wa sambaza wana haki ya kuuliza nani anafulia nini ufuoni.

Ndimu na siki

Ikiwa majivu ni alkali, ndimu, limau na siki ni asidi, na kazi zake ni nyingine kabisa. Asidi haiondoi mafuta vizuri. Inachoondoa ni gamba jeupe ndani ya birika, madoa ya kutu, na ule utando wa sabuni uliotajwa hapo juu. Birika lenye gamba lijazwe nusu maji na nusu siki, lichemshwe, liachwe saa moja, kisha lisuuzwe mara mbili. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe hupakwa chumvi na ndimu, likaanikwa juani, likarudiwa ikibidi. Nusu kikombe cha siki katika maji ya mwisho ya kusuuzia hulainisha taulo zilizokakamaa.

Asidi hula saruji, chokaa na marumaru, hivyo sakafu ya saruji iliyong'arishwa isipigwe ndimu kila wiki. Na mikono ioshwe kabla ya kutoka nje: maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi chini ya jua kali huleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu kwa wiki kadhaa, ambayo wazazi wengine hudhani mtoto amemwagikiwa maji ya moto.

Mapishi yanayosambazwa sana kwenye simu ni ya kuchanganya siki na bikaboneti, ile soda ya kuokea. Mchanganyiko huchemka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachowashawishi watu. Kwa hakika asidi na alkali zimeuana, na kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo na hewa iliyokwisha kupotea. Tumia bikaboneti peke yake kwa kusugua jiko na kuondoa harufu ya viatu, na siki peke yake kwa gamba. Ukizichanganya umelipia vitu viwili ukapata maji.

Jua na pasi

Jua hukausha, na vijidudu vingi havipendi ukavu. Mwanga wake pia hudhuru vijidudu vilivyo juu ya kitambaa. Magodoro na mito itolewe nje kila hali ya hewa inaporuhusu, igeuzwe pande zote. Lakini nguo zilizoanikwa zikabaki na unyevu zina hatari yake. Katika sehemu nyingi za Afrika yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya anayezivaa. Pasi ya moto, iwe ya mkaa au ya umeme, hasa kwenye mishono ya nguo za ndani na nepi, huyamaliza mayai hayo.

Pale vitu vya jikoni vinapokoma

Mji huu una kumbukumbu isiyofutika ya maradhi ya uchafu. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka mpaka na kukaa ng'ambo, Goma na kandokando yake, kipindupindu na kuhara damu vilienea kati yao, na inakadiriwa kuwa karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, wavukao mpaka walinawa mikono kabla ya kupita. Hakuna aliyewekewa ndimu pale, na kuna sababu.

Majivu, siki, ndimu na bikaboneti hupunguza vijidudu kwa kuviondoa pamoja na uchafu, na asidi hudhoofisha baadhi yake. Hakuna hata kimoja kinachotegemewa kuviua penye kinyesi, matapishi, damu au tope la mafuriko. Kwa mikono, sabuni ya kipande na maji yanayotiririka vinatosha siku zote za kawaida. Ni rahisi kuliko mapishi mengi ya kujitengenezea. Kwa nguo na shuka za mgonjwa, chemsha. Kwa choo, sakafu na vyombo vilivyochafuliwa, hakuna mbadala wa klorini, ile dawa ya maji iuzwayo kwa majina kama Javel au Jik.

Kiasi chake ni hiki: mchanganyiko wa asilimia 0.5 kwa sehemu zenye uchafu wa mgonjwa. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, basi ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji baridi. Soma chupa kwanza, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Tengeneza kila siku upya, maana mchanganyiko wa jana umekwisha kudhoofika.

Nyumba iliyoingiliwa na maji huanza kwa kukombwa tope lote, kisha huoshwa kwa sabuni, na klorini huja mwisho, ikaachwa walau dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Klorini ikimwagwa juu ya tope hupotea bure, kwani tope huimaliza nguvu kabla haijavifikia vijidudu. Godoro la sponji lililolowa maji ya choo halisafishiki kwa njia yoyote ya nyumbani, na inasikitisha kuliandika hili kwa wasomaji wasiokuwa na godoro jingine.

Jambo moja la mwisho limewahi kuingiza watu hospitalini katika nchi nyingi. Klorini ikichanganywa na ndimu au siki hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu. Ikimwagwa kwenye choo chenye mkojo mwingi, au ikichanganywa na dawa zenye amonia, hutoa gesi nyingine inayofanana nayo kwa madhara. Anayesafisha choo kwa Javel ayamwagie kwanza maji mengi, afungue mlango, asiongeze kitu cha pili "ili inukie". Akihisi koo linawasha na macho yanatoka machozi, aache kila kitu na atoke nje kwenye hewa.

Klorini, siki na maji ya majivu visiwekwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Asukutue mdomo na apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Jicho lililoingiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912.