Mkono Uliokumbuka Pini

Katika mji wa Geneva, nchini Uswisi, alikuwako mwanamke mmoja ambaye maradhi yalimpokonya uwezo wa kuhifadhi mambo mapya. Hakuwa mpumbavu: miji mikuu ya Ulaya aliitaja, na hesabu za kichwa alizijua. Lakini daktari aliyemwona kila siku alikuwa kwake mgeni kila siku. Mtaalamu Édouard Claparède, aliyeandika habari zake mwaka 1911, alimfanyia hila ambayo leo tungeiona kuwa haina adabu. Alificha pini katikati ya vidole vyake, akampa mkono, akamchoma. Maumivu yaliisha, na kisa chenyewe kikasahaulika. Hata hivyo, Claparède aliponyosha mkono tena, mwanamke yule aliurudisha wake nyuma. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba huenda mtu akaficha pini mkononi. Hakusema, "Wewe ulinichoma jana."

Basi, ni nani aliyekumbuka? Claparède aliona kuwa jambo laweza kubaki ndani ya mtu bila ile hisia ya kwamba ni lake, limempata yeye.

Mwaka 1923 tabibu Joseph Capgras na mwenzake, huko Paris, walieleza kioja cha namna nyingine. Mama mmoja alishikilia kwamba mumewe na watoto wake wameondolewa, na mahali pao wamewekwa watu wa kufanana nao. Sura aliziona sawasawa. Kilichokosekana ni ule moyo kumwendea mtu wake. Dhana hiyo ilikaa miaka mingi bila kupimwa.

Kipimo kilipatikana katika ngozi. Mtu anaposhtuka au kuguswa na jambo, viganja hutoa jasho dogo lisiloonekana kwa macho, na umeme dhaifu hupita hapo kwa wepesi zaidi. Mwaka 1984, Russell Bauer wa Marekani alimpima mtu aliyeumia ubongo, akawa hawezi kutambua nyuso hata za jamaa zake. Alionyeshwa sura, akasomewa majina kadhaa. Kinywa chake hakikujua lililo la kweli, bali ngozi ilisisimka zaidi kwa jina la haki. Na mwaka 1997 wataalamu wa Uingereza waliwapima wagonjwa watano wa maradhi ya Capgras. Kwao mambo yalipinduka: nyuso mashuhuri walizijua, ila ngozi haikuzitofautisha na nyuso za wageni. Nisemavyo mimi, maskini hawa hawakuwa wakitunga uongo. Walikuwa wakitafuta maelezo ya ukimya wa miili yao wenyewe.

Lakini mwili nao hudanganya. Mwaka 2005, Stephen Goldinger na Whitney Hansen walifanya jaribio Marekani. Watu walikalishwa vitini wakaulizwa ni mambo gani waliyoonyeshwa awali. Mara kwa mara kiti kilitetemeka kidogo sana, wasing'amue. Penye mtetemo, hasa swali lilipokuwa gumu, walielekea zaidi kusema, "Hili nalijua," hata kwa lile ambalo hawakuonyeshwa kamwe.

Fikiri sasa juu ya shahidi anayesimamishwa na polisi mbele ya gwaride la utambulisho. Moyo wamdunda anapofika kwa mtu wa nne. Pengine amemwona mwizi wake. Pengine ni hofu tu ya mahali pale. Mdundo ni ule ule, na mtu wa nne aweza kufungwa kwa ajili yake.