Igeuze Sahani, Usome Kitako

Ukionyeshwa sahani kuukuu mjini Garissa ukaambiwa ni ya Mwingereza, acha maua yake kwanza. Igeuze.

Viwanda vya Staffordshire, Uingereza, vilivyouza vyombo dunia nzima, vilipiga chapa kwenye kitako. Kati ya 1842 na 1883, muundo uliosajiliwa serikalini ulipewa alama yenye umbo la almasi. Kiduara kilicho juu yake kina IV, yaani kundi la vyombo vya udongo, na katikati pameandikwa Rd. Umri umo kwenye herufi za pembeni, ambazo hazifuati abjadi. X ikikaa pembe ya juu, chini ya kiduara, muundo ulisajiliwa 1842. X hiyo hiyo ikihamia pembe ya kulia, ni 1868. Ukikosea pembe, umekosea miaka 26. Tena huo ni mwaka wa kusajili muundo tu. Sahani yenyewe huenda ilichomwa baadaye sana.

Tangu 1884 almasi iliachwa, zikaja namba za usajili kuanzia 1. Kufikia 1900 zilikuwa zimepita laki tatu. Neno England peke yake kwa kawaida ni la kuanzia 1891, Marekani ilipodai kila bidhaa inayoingizwa kwake itaje nchi ilikotoka. Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20.

Lakini pwani yetu, kuanzia Lamu inayopakana na Garissa hadi Unguja, ina mtego wake. Bakuli nyingi za karne ya 19 zenye maua ya kugongwa kwa sifongo si za Uingereza kamwe. Ni za Maastricht, Uholanzi, kutoka kiwanda cha Petrus Regout, na chapa yake maarufu ni sphinx, simba mwenye kichwa cha mtu. Wanaakiolojia wameziokota hata kwenye mashamba ya karafuu ya Zanzibar. Muuzaji akikuapia kwamba ni ya Kiingereza, mwonyeshe huyo simba.

Garissa yenyewe ina sababu nyingine ya kusoma vitako. Mapema 1941 majeshi ya Uingereza yalipitia hapa kuishambulia Somalia ya Waitaliano, na Kismayu ikatwaliwa Februari 14. Vyombo vya jeshi vya wakati huo vilipigwa taji na herufi za Mfalme George wa Sita, G VI R, mara nyingi pamoja na mwaka kamili. Ni vyeupe, havina urembo, na wanunuzi huvipita. Mimi naviona vya thamani kuliko sahani ya maua isiyo na chapa. Hata raia wa Uingereza walikula kwenye vyombo visivyo na urembo: 1942 serikali ilipiga marufuku urembo kwenye vyombo vya soko la ndani, na haikuruhusu tena hadi 1952.