Meno ya watoto wa Mara katika hesabu ya dunia

MTOTO wa miaka 12 wa Musoma, Bunda au Butiama anapofungua kinywa mbele ya mpimaji wa meno, yanayohesabiwa ni yale yale yanayohesabiwa kwa mwenzake wa Nairobi, Stockholm au Tokyo: meno ya ukubwani yaliyotoboka, yaliyong'olewa kwa sababu ya kutoboka, na yaliyozibwa.

Jumla ya meno hayo, ikigawanywa kwa idadi ya watoto waliopimwa, hutoa wastani unaojulikana duniani kwa kifupi cha DMFT. Kwa kipimo hicho Tanzania huonekana kuwa miongoni mwa nchi zenye hali nzuri, kwani katika chunguzi zilizofanyika kwa miaka mingi wastani wa watoto wake wa umri huo umekuwa chini ya jino 1.

Hata hivyo, udogo wa namba hiyo haumaanishi kwamba watoto hawaumwi meno. Ili kuelewa sababu, ni vema kujua hesabu yenyewe ilivyoanza na inavyofanywa.

Kipimo hicho kilitungwa nchini Marekani na Henry Klein na wenzake, waliochapisha mwaka 1938 matokeo ya kuwapima wanafunzi wa shule za msingi za mji wa Hagerstown, jimbo la Maryland. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kukusanya takwimu za nchi mbalimbali huko Geneva, na baadaye Chuo Kikuu cha Malmö, Uswidi, kikaziweka kwenye intaneti ili kila mtu aweze kuzisoma.

Mwaka 1981 WHO na Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani (FDI) waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2000 wastani wa watoto wa miaka 12 usizidi meno 3. Kwa nchi nyingi za Ulaya lengo hilo lilikuwa la kupigania. Tanzania ilikuwa tayari chini yake.

Umri wa miaka 12 ulichaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kufikia hapo karibu meno yote ya ukubwani yameshaota, isipokuwa magego ya mwisho. Pili, katika nchi nyingi huo ndio umri wa mwisho ambao watoto hupatikana kwa urahisi wakiwa pamoja shuleni.

Mkoani Mara umri huo una kumbukumbu yake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Leo mtoto wa umri huo hutarajiwa kuwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na asiyekuwepo shuleni siku ya upimaji hahesabiwi.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo. Mtoto huketi au hulala penye mwanga wa kutosha, mpimaji hutumia kioo kidogo na chuma chembamba chenye ncha ya mviringo, na karani huandika namba moja kwa kila jino. Kwa kuwa utaratibu huo unafanana kila mahali, matokeo ya nchi moja yanaweza kulinganishwa na ya nyingine.

Udhaifu wa kwanza wa hesabu hiyo umo katika kujumlisha. Jino lililozibwa vizuri na jino lililooza hadi kwenye mzizi huhesabiwa sawa, kila moja likiwa ni 1. Uswidi, ambako mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani ulikuwa zaidi ya meno 6, meno mengi yaliyohesabiwa yalikuwa yameshazibwa, na leo wastani wake umeshuka chini ya 1. Tanzania namba ni ndogo pia, lakini sehemu kubwa yake ni meno yaliyotoboka ambayo hayajatibiwa, na yaliyozibwa ni machache mno.

Udhaifu wa pili ni wa wastani wowote. Chukua darasa la watoto 30, ambamo 20 hawana jino bovu hata moja na 10 wana meno mabovu matatu kila mmoja. Wastani wa darasa ni 1, namba ya kujivunia, ilhali theluthi moja ya watoto hao hawalali usiku. Ndiyo maana mwaka 2000 Douglas Bratthall wa Malmö alipendekeza kipimo cha ziada, kinachokokotoa wastani wa theluthi ya watoto walioathirika zaidi. Kwa darasa hilo jibu lingekuwa 3.

Yapo pia madhara ambayo DMFT haiyagusi kabisa. Mara ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya maji yake ya ardhini yana madini mengi ya floridi. Kiasi kidogo cha madini hayo hulinda meno, lakini mtoto anayeyanywa kwa wingi wakati meno yake yakijengeka huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na yakizidi sana ganda la jino humomonyoka.

WHO hushauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania, kwa uhaba wa maji vijijini, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8. Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, hivyo anayekunywa maji ya ziwa na anayetegemea kisima kirefu wanaweza kuwa na meno tofauti ingawa wanaishi mkoa mmoja. Aidha, magadi yanayotumika kulainisha maharage na mboga yameonekana katika tafiti nchini kuwa chanzo kingine cha floridi.

Jambo jingine ni imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980 na inayojulikana pia Kenya, Uganda na Ethiopia. Mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, uvimbe mweupe kwenye ufizi hudhaniwa kuwa ndio ugonjwa, na waganga huuchimbua kwa kisu au njiti ya baiskeli. Kinachotolewa ni chonge changa la utotoni. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au kufa, huku ugonjwa halisi ukiachwa bila tiba.

Kufikia miaka 12, chonge za utotoni huwa zimeshang'oka zenyewe kwa kawaida, hivyo upimaji wa umri huo hauwezi kuonyesha nani alichimbuliwa.

Faraja ni kwamba njia mojawapo ya kupunguza meno yasiyotibiwa ilianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam walianza kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa simiti maalumu ya meno. Njia hiyo haihitaji umeme wala mashine ya kukereza, na mara nyingi hata sindano ya ganzi. WHO iliipigia debe mwaka 1994, na mwaka 2021 simiti ya aina hiyo pamoja na dawa ya meno yenye floridi viliingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu.

Mwaka 2022 WHO ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwa wazazi wa Mara, ulinzi unaanzia nyumbani: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kupunguza sukari na soda, na kumpeleka mtoto mchanga mwenye homa kituo cha afya badala ya kwa mchimbua meno.

Kwa wanaopanga huduma, swali la kuuliza kila takwimu mpya inapotolewa ni moja: kati ya meno yaliyohesabiwa, ni mangapi yamezibwa?